Umesahau nenosiri? Namna ya kulinda njia za kurejesha akaunti zako

Chini ya karibu kila ukurasa wa kuingilia akaunti huwa kuna maandishi madogo yanayouliza, "Umesahau nenosiri?" Watu wengi huyachukulia kuwa msaada kwa wasahaulifu, na kwa kweli ndivyo yalivyokusudiwa. Tatizo ni kwamba mtambo unaopokea ombi hilo hauwezi kutambua ni nani aliyesahau. Unachoweza kufanya ni kuuliza maswali machache au kutuma msimbo mahali fulani, kisha kumfungulia yeyote anayejibu ipasavyo. Ndiyo maana nenosiri la herufi ishirini halimsaidii sana mtu ambaye tarehe yake ya kuzaliwa inatosha kulifuta na kuweka jipya. Akaunti hupimwa kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote za kuifungua, na mara nyingi njia hiyo ni ile ya kuirejesha.

Mwezi Septemba 2008, Sarah Palin alipokuwa mgombea wa umakamu wa rais nchini Marekani, sanduku lake la barua pepe la Yahoo lilifunguliwa na mwanafunzi wa chuo ambaye hakuvunja ulinzi wowote wa kiufundi. Alibonyeza njia ya kurejesha nenosiri, akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta na mahali ambapo Palin alikutana na mumewe, na majibu yote akayapata kwa kutafuta mtandaoni.

Kisa cha mwandishi wa habari Mat Honan, wa Marekani pia, kilichotokea Agosti 2012, kinafaa kufuatwa polepole, kwa sababu kila hatua yake ilionekana halali machoni pa kampuni iliyohusika. Wavamizi waliitaka akaunti yake ya Twitter, iliyokuwa na jina fupi la herufi tatu. Waligundua kwamba ilihusishwa na anwani yake ya Gmail, na ukurasa wa kurejesha wa Gmail ukawaonyesha, kwa herufi zilizofichwa nusu, kwamba barua ya kurejesha ingepelekwa kwenye anwani yake ya Apple. Wakati huo Apple ilikuwa tayari kutoa nenosiri la muda kwa mpigaji simu aliyeweza kutaja anwani ya bili na tarakimu nne za mwisho za kadi ya benki. Anwani ya bili walipata katika taarifa za usajili wa tovuti yake. Ili kupata zile tarakimu nne, waliipigia Amazon wakaongeza kadi mpya kwenye akaunti yake, wakapiga tena na kuitaja kadi hiyohiyo kama ushahidi kwamba wao ndio wenye akaunti, wakaongeza anwani mpya ya barua pepe, na hatimaye wakaingia na kuona tarakimu za mwisho za kadi halisi. Apple ikafunguka, Apple ikafungua Gmail, Gmail ikafungua Twitter, na njiani wakafuta kwa mbali vilivyokuwamo katika simu, kompyuta kibao na kompyuta yake. Kampuni zote mbili zilirekebisha taratibu zao baada ya hapo. Hata hivyo, mbinu yenyewe ingali hai: taarifa ambayo kampuni moja inaiona ya kawaida, nyingine huitumia kama siri.

Maelekezo yafuatayo yanahusu kuzitafuta njia hizo za nyuma, kuziba zile zisizohitajika, na kuziimarisha zile ambazo wewe mwenyewe utazihitaji siku simu itakapopotea.

Chora ramani kabla ya kubadilisha chochote

Chukua karatasi na kalamu. Usiandike zoezi hili ndani ya simu, kwa kuwa litaeleza udhaifu wako wote na halifai kukaa katika kifaa unachokichunguza. Orodhesha akaunti zako muhimu: barua pepe, benki na huduma za pesa, mitandao ya kijamii, programu za ujumbe, hifadhi ya picha na faili, pamoja na akaunti inayoendesha simu yenyewe. Kisha ingia katika mipangilio ya usalama ya kila moja, tafuta sehemu inayohusu urejeshaji, na chora mshale kutoka kwenye akaunti hiyo kwenda kwa kila kitu kinachoweza kuifungua, iwe ni anwani ya pili ya barua pepe, nambari ya simu, maswali ya siri, misimbo ya akiba, kifaa kinachoaminiwa au ndugu uliyemteua kukusaidia. Kama unaingia katika huduma fulani kwa kubonyeza kitufe cha Google, Apple au Facebook, huo nao ni mshale.

Ukimaliza utaona kwamba mishale mingi inaishia sehemu moja au mbili, kwa kawaida sanduku moja la barua pepe na nambari moja ya simu. Utaona pia, na hili ndilo linalowashangaza watu, mishale inayoelekea mahali ambapo huna tena mamlaka: anwani ya mwajiri uliyemwacha, nambari uliyoacha kuitumia, kompyuta kibao uliyomgawia mtu bila kuifuta, simu ya mwenza wa zamani. Kampuni za simu huwapa wateja wapya nambari zilizoachwa, na mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba anwani zilizokaa muda mrefu bila kutumika zingegawiwa watu wengine. Mshale wa namna hiyo uondoe siku hiyohiyo, kabla ya kazi nyingine yoyote, kwa sababu mtu anayeweza kuutumia hahitaji hata kuwa mdukuzi.

Barua pepe kwanza, na kwa ukamilifu

Ukiwa na muda wa kushughulikia akaunti moja tu, shughulikia sanduku la barua ambalo mishale mingi inalielekea. Lipe nenosiri refu ambalo halijawahi kutumika kwingine, lililotungwa na kidhibiti cha manenosiri (programu inayotunga, kuhifadhi na kujaza manenosiri kwa niaba yako) au lililoundwa kwa maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo umeyachagua kwa bahati nasibu. Ushauri wa zamani wa kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi michache unaweza kuuacha. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri katika mwongozo wake wa 2017 kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kwa ratiba, ila palipo na ushahidi kwamba limevuja. Anayelazimishwa hubadilisha tarakimu ya mwisho tu, na wadukuzi wanalijua hilo. Ili kujua kama anwani yako imo katika data zilizowahi kuvuja, itafute katika Have I Been Pwned, huduma ambayo mtaalamu wa usalama Troy Hunt aliianzisha mwaka 2013.

Huduma ikikulazimisha kuweka maswali ya siri, usiyajibu kwa ukweli. Ikiuliza jina la shule yako ya kwanza, andika maneno yasiyohusiana kabisa na shule, kisha yahifadhi ndani ya kidhibiti cha manenosiri. Mtambo haujali ukweli wa jibu, unalinganisha herufi. Ushauri huu hauhusu fomu zinazotaka taarifa zako za kisheria, kama za benki au za serikali, ambako uongo utakuletea matatizo mengine.

Jambo linalosahaulika zaidi limo ndani ya sanduku lenyewe. Fungua mipangilio na uangalie kama kuna anwani ambayo barua zako zinapelekwa moja kwa moja bila wewe kujua, au kanuni ya kuchuja inayozihamisha baadhi ya barua kwenye folda usiyoifungua au kuzifuta kabla hujaziona. Mvamizi aliyewahi kuingia hata kwa dakika chache anaweza kuacha kanuni ya aina hiyo, na itaendelea kumletea barua za kurejesha akaunti zako nyingine hata baada ya wewe kubadilisha nenosiri. Hapohapo angalia orodha ya programu ulizoziruhusu kusoma barua zako, na uziondoe zote ambazo huzitumii.

Kisha chapisha misimbo ya akiba ambayo huduma nyingi hutoa unapowasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani huduma kudai uthibitisho wa pili juu ya nenosiri. Weka nakala mbili katika sehemu mbili tofauti zinazofungwa. Usiipige picha kwa simu, maana picha hupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni inayolindwa na akaunti ileile ambayo misimbo hiyo inapaswa kuiokoa. Kuna watu waliojifungia nje kwa bidii yao ya usalama, wakabaki na akaunti ambayo hata wao hawawezi kuifungua. Kwa hiyo kila unapoondoa njia moja dhaifu, hakikisha imebaki angalau njia moja imara ambayo umeijaribu na ikafanya kazi.

Nambari ya simu haikutambulishi

Nambari yako inaendeshwa na kampuni ya simu, wewe umepewa kuitumia tu. Mfanyakazi wa kampuni hiyo, akidanganywa au akihongwa, anaweza kuihamishia kwenye laini iliyo mkononi mwa tapeli, na dalili ya kwanza utakayoiona ni simu yako kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo mtandao huwapo siku zote. Agosti 2019 jambo hilo lilimpata Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter. Waliochukua udhibiti wa nambari yake walichapisha matusi katika akaunti yake kwa kutuma ujumbe mfupi wa simu tu, kwani Twitter wakati huo ilikuwa na huduma ya kuchapisha kwa njia hiyo, na nenosiri halikuhitajika kabisa.

Hatari haiko kwa mfanyakazi anayebadilisha laini pekee. Mwaka 2024 ilibainika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wameingia katika mitandao ya kampuni kadhaa kubwa za simu za Marekani, na Desemba mwaka huohuo CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa nchi hiyo, iliwashauri maafisa na watu wengine wanaoweza kulengwa watumie programu za ujumbe zenye usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ujumbe husomeka kwa mtumaji na mpokeaji tu, na waachane na misimbo ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe wa kawaida wa simu haufichwi dhidi ya kampuni inayoubeba, na hivyo haufichwi pia dhidi ya aliyejipenyeza ndani ya kampuni hiyo.

Hatua za kuchukua ni hizi. Uliza kampuni yako ya simu kama inaweza kuweka nambari ya siri au zuio la kubadilisha laini bila wewe kufika mwenyewe. Hamisha misimbo ya uthibitisho kutoka kwenye ujumbe mfupi kwenda kwenye programu inayoitengeneza ndani ya simu yako, au, bora zaidi, kwenye ufunguo ninaoueleza hapa chini. Pale huduma inapokuruhusu, iondoe nambari ya simu katika orodha ya njia za kurejesha. Katika WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, na katika Signal washa kufuli ya usajili, ili anayeiteka nambari asiweze kujisajili kwa jina lako bila PIN uliyoiweka. Mwisho, weka PIN kwenye laini yenyewe, kwa sababu mwizi wa simu iliyofungwa huweza kuchomoa laini, kuitia katika simu nyingine, na kuanza kupokea misimbo yako yote. Lakini kwanza hakikisha unayo namba ya PUK, ile ya kuifungua laini, kwa kuwa ukikosea PIN mara kadhaa laini itajifunga.

Huduma nyingine hazitoi njia isipokuwa ujumbe mfupi. Basi utumie. Hatua ya pili iliyo dhaifu ni bora kuliko kutokuwa nayo kabisa, na sioni busara ya kumtisha mtu hadi akaizima.

Msimbo unaweza kunaswa, ufunguo haunaswi kirahisi

Kurasa za kughushi za siku hizi hufanya kazi papo kwa papo. Unapoandika nenosiri na msimbo katika ukurasa wa tapeli, mtambo wake unavipeleka palepale kwenye huduma halisi, unaingia kwa niaba yake, na wewe unaonyeshwa ujumbe wa kawaida usiokutia shaka. Katikati ya mwaka 2022 wafanyakazi wa kampuni za Twilio na Cloudflare walitumiwa ujumbe mfupi wenye viungo vya kurasa kama hizo. Twilio ilivamiwa. Katika Cloudflare wafanyakazi watatu waliandika manenosiri yao kwenye ukurasa wa kughushi, lakini wavamizi hawakuingia, kwa sababu kampuni hiyo ilitaka kila mfanyakazi athibitishe kwa ufunguo wa usalama, kifaa kidogo kinachochomekwa au kugusishwa kwenye kompyuta.

Ufunguo huo, pamoja na ndugu yake aliyemo ndani ya simu na kompyuta za sasa anayeitwa ufunguo wa siri (passkey), haukutegemei wewe kutambua ulaghai. Unapousajili kwenye tovuti, unafungamanishwa na anwani ya tovuti hiyo, na ukiletwa mbele ya anwani nyingine, hata inayotofautiana kwa herufi moja, haujibu. Hakuna tarakimu za kusoma wala za kumtajia mtu kwenye simu. Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kuupanua uwezo huo katika vifaa vyao, na sasa huduma nyingi kubwa zinaukubali. Anza na barua pepe, kisha akaunti inayoendesha simu, kisha pesa. Ukinunua ufunguo wa kuchomeka, nunua viwili na usajili vyote viwili siku moja.

Kumbuka tu kwamba funguo za siri za simu huhifadhiwa kwa kawaida katika akaunti ya Apple, ya Google au ya kidhibiti cha manenosiri, ili uweze kuzipata ukibadilisha kifaa. Rudi kwenye ramani yako na uchore mshale huo pia, kwani anayeweza kuirejesha akaunti hiyo huenda akazifikia funguo zote zilizomo.

Kidhibiti cha manenosiri nacho hutoa onyo ambalo watu hulipuuza. Kikikataa kujaza nenosiri katika ukurasa unaodhani unaufahamu, simama, usilinakili kwa mkono. Machi 2025 Troy Hunt, yuleyule wa Have I Been Pwned, alinaswa na barua iliyojifanya kutoka kwa huduma ya kutuma majarida, na orodha ya wasomaji wake takribani 16,000 ikaibwa. Alieleza hadharani kwamba alikuwa amechoka na safari, na kwamba kidhibiti chake kilikuwa kimekataa kujaza, dalili ambayo aliipa uzito kwa kuchelewa. Mtu mwenye ujuzi kama huo akinaswa, hakuna haja ya mwingine yeyote kuona aibu; kuna haja ya kutumia njia isiyotegemea uangalifu wa mtu aliyechoka.

Kuhusu arifa za simu zinazouliza "Je, ni wewe unayejaribu kuingia?", kanuni ni fupi: ikiwa hukuanza wewe, kataa, kisha badilisha nenosiri, kwa maana kuja kwa arifa hiyo kunaonyesha kwamba mtu analijua au yuko kwenye njia ya kurejesha. Uber ilivamiwa Septemba 2022 baada ya mfanyakazi wa mkataba kurushiwa maombi ya namna hiyo mfululizo hadi akakubali mojawapo.

Vifaa ambavyo tayari vimo ndani

Ukishaingia kwenye akaunti, tovuti huacha katika kivinjari chako faili ndogo iitwayo kidakuzi, ambayo huiambia tovuti kwamba wewe ni yule aliyeingia jana, ili usiulizwe nenosiri kila mara. Anayeiiba faili hiyo anaingia akiwa wewe, bila nenosiri, bila msimbo, na hata bila ufunguo. Ndivyo chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips ilivyotekwa Machi 2023, baada ya mfanyakazi kufungua kiambatisho kilichojifanya kuwa pendekezo la udhamini na kumbe kilikuwa na programu hasidi.

Tangu 2024 mbinu moja ya kuingiza programu hizo imeenea mno: ukurasa unakuomba uthibitishe kwamba wewe si roboti, lakini badala ya kubofya picha unaambiwa ubonyeze vitufe fulani vya kibodi, ubandike kitu, kisha ubonyeze Enter. Ulichokibandika ni amri, na umeitekeleza wewe mwenyewe. Hakuna uthibitisho halali unaohitaji kubandika maandishi katika dirisha la amri la kompyuta. Ukiona maelekezo hayo, funga ukurasa.

Kwa sababu ya vidakuzi hivyo, fungua mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyoingia katika kila akaunti muhimu na uondoe usivyovitambua. Katika programu za ujumbe tazama sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Februari 2025 watafiti wa Google walieleza jinsi vikundi vinavyohusishwa na Urusi vilivyowalenga watumiaji wa Signal kwa misimbo ya QR iliyojifanya mialiko ya vikundi, ambayo kwa kweli ilikiunganisha kifaa cha wavamizi na akaunti ya mlengwa. Usimbaji wa Signal haukuvunjwa. Kila ujumbe ulifika kwa mpelelezi kama unavyofika kwenye kompyuta yako ya pili. Vivyo hivyo nakala rudufu ya mazungumzo iliyopakiwa mtandaoni bila kusimbwa inaweza kusomwa na yeyote anayeirejesha akaunti ya hifadhi. WhatsApp ilianza mwaka 2021 kuruhusu nakala hiyo isimbwe kwa nenosiri lake yenyewe, lakini ni lazima uiwashe.

Kwa watu wengi mpelelezi wa karibu ndiye hatari zaidi, yaani mtu anayeishi nao au aliyewahi kuijua namba ya kufungulia simu yao. Huyo hahitaji utaalamu. Dakika chache na simu yako zinamtosha kuunganisha kifaa chake, kuongeza alama ya kidole chake au kuwasha ushirikishaji wa mahali ulipo. Badilisha namba ya kufungulia, futa alama za vidole usizozijua, kagua ushirikishaji wa mahali. Ikiwa unamhofia mtu huyo, usianze kuondoa chochote kabla ya kupanga usalama wako na mtu unayemwamini, kwa kutumia simu nyingine, kwa sababu kukatika ghafla kwa upelelezi kunaweza kumchochea.

Programu za ujasusi zinazouzwa kwa serikali, kama Pegasus ya kampuni ya NSO Group ya Israel, ni suala jingine. Mwaka 2021 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilifichua njia iliyoiingiza Pegasus katika iPhone bila mlengwa kubonyeza chochote, na Apple ikatoa sasisho la kuiziba Septemba mwaka huo. Zana hizo ni ghali na huelekezwa kwa wanahabari, mawakili, wanaharakati na wanasiasa. Ukiwa mmoja wao, sasisha simu siku ileile sasisho linapotoka na uwashe hali ya kufungia (Lockdown Mode) iliyoanza kupatikana kwenye iPhone mwaka 2022, ingawa itakupunguzia baadhi ya huduma. Wengine wote, kusasisha kunatosha.

Pale wewe mwenyewe unapokuwa njia ya kurejesha

Mara nyingi mlango unaotafutwa ni mtu. Ujumbe unakuja: "Simu yangu imeharibika, hii ndiyo nambari yangu mpya," au ndugu anakupigia kwa sauti yake kabisa akiomba umsomee msimbo uliofika kwako kimakosa. Sauti haitoshi tena kuwa uthibitisho, maana programu za akili mnemba huweza kuiiga kutokana na rekodi fupi. Video nayo haitoshi. Mwaka 2024 kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kwamba mfanyakazi wake wa Hong Kong alihamisha takribani dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa aliowaona walikuwa picha na sauti za kughushi.

Ushauri wa kutafuta kasoro machoni au midomoni mwa anayezungumza siupendi, kwa kuwa kasoro hizo hupungua kila mwaka, na anayezikosa hupata uhakika wa uongo. Lililo imara ni kubadilisha njia. Kata simu, kisha piga wewe, kwa nambari uliyokuwa nayo kabla ya mazungumzo hayo, wala usitumie ile uliyopewa ndani ya ujumbe. Ikiwa kweli nambari ya zamani haifanyi kazi, mtafute mtu wa tatu anayewajua nyote wawili. Familia na ofisi ndogo zinaweza pia kukubaliana, ana kwa ana, juu ya neno la kuulizana, mradi lisiandikwe katika kundi la ujumbe. Ofisini, amri ya kubadilisha akaunti ya malipo au kumwekea mtu nenosiri jipya isitekelezwe kwa simu moja, hata mpigaji awe mkurugenzi. Julai 2020 Twitter ilitekwa kwa wafanyakazi wake kudanganywa kwa simu; akaunti 130 zililengwa, zikiwamo za Barack Obama na Joe Biden.

Na msimbo uliotumwa kwako usimsomee mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni wa idara ya usalama ya huduma yenyewe.

Ukishavamiwa

Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko kasi. Tumia kifaa kingine ambacho hukishuku, kwa sababu nenosiri jipya ukiliandika katika kompyuta yenye programu hasidi litaibwa kama la zamani. Anza na barua pepe, hata kama iliyovamiwa ni akaunti nyingine: badilisha nenosiri, toa vifaa vyote vilivyoingia, kagua njia za kurejesha, kisha zile kanuni za kupeleka na kuchuja barua. Baada ya hapo nenda kwenye akaunti iliyotekwa na urudie hatua hizohizo. Ikiwa pesa zimeguswa, au laini ya simu imekufa ghafla, ipigie benki na kampuni ya simu kabla ya haya yote, kwa kutumia simu ya mtu mwingine. Waarifu jamaa kwa njia ambayo haijatekwa kwamba maombi yanayotoka kwako yasisikilizwe. Hifadhi picha za skrini zenye tarehe, kwa kuwa polisi na benki watazihitaji. Kompyuta iliyoingiliwa na programu hasidi, hamisha kutoka humo nyaraka tu, kisha uifute na kuisakinisha upya.

Ukiandika hadharani kwamba akaunti yako imetekwa, baada ya muda mfupi watajitokeza watu wanaojiita wataalamu wa kurejesha akaunti au kufuatilia pesa zilizoibwa, wengine wakiwa na ushuhuda wa wateja walioridhika. Watakuomba malipo ya awali, nakala ya kitambulisho, au ule msimbo uliofika punde. Usiwajibu. Fomu ya kurejesha akaunti iliyo katika tovuti ya huduma yenyewe, ambayo umeifikia kwa kuandika anwani kwa mkono, ndiyo njia ya kutumia, na ikikataa mara ya kwanza, ijaze tena ukiwa katika kifaa na mahali ambapo umezoea kuingilia akaunti hiyo, kwani huduma nyingi huvizingatia hivyo zinapoamua.